Kihariri Nilichokichagua kwa Masikio

Haipiti wiki bila kijana kunipigia simu au kufika hapa kwangu Cheyo na swali lile lile. "Shikamoo Mama Shija. Nimepata Mac, nataka kutengeneza tovuti. Nitumie edita gani?" Anauliza kama mtu aliyefika duka la dawa: ataje ugonjwa, apewe kidonge, aende zake. Nikimwambia akae kwanza, nasikia kiti kinavyolia. Amekaa ukingoni, tayari kuondoka.

Basi nimeamua kuliandika jibu, ili mkija tena tunywe chai tu.

Jina la programu sitataja. Nikilitaja leo, keshokutwa wenye nayo watakuwa wameibadilisha sura, au wameiua, na nyinyi mtabaki mkisema yule mama alitudanganya. Nitawaeleza nilivyochagua mimi. Nimechagua mara nne katika maisha yangu ya kazi. Mara mbili nilikosea, mara moja nilipatia, na mara ya nne sikuchagua kwa kupenda.

Kihariri, kwa asiyejua, ni ile programu tunayoandikia msimbo wa tovuti. Wengi wenu msimbo mnauita kodi. Hata mimi nilisema hivyo, mpaka jirani yangu Mama Ashura alipoacha kunikaribisha kwake wiki nzima. Alisikia kwamba Mama Shija siku hizi anaandika kodi, akaamini nimekuja kuchunguza biashara yake ya mandazi.

Nilianza kazi kabla Mac haijafika Tabora. Nilikuwa binti wa miaka ishirini katika kiwanda cha uchapaji cha kanisa, tukipanga herufi za risasi moja moja kwa mkono. Aliyenifundisha alikuwa Mzee Mihayo, fundi mkuu, mtu mfupi mwenye vidole vyeusi ambavyo hata sabuni ya Jumapili haikuvitakasa. Herufi ya risasi imegeuka kama sura kwenye kioo. Herufi b unaiona d, na d unaiona b. Mwezi wangu wa pili nilipewa kadi ya harusi ya familia moja ya Igalula. Mwisho wa kadi ilitakiwa isomeke, "Wenu, baba wa bwana harusi, Mzee Maganga." Neno bwana nililipatia, sijui kwa bahati gani. Baba sikulipatia. Kadi zote zikaenda Igalula zikisema, "Wenu, dada wa bwana harusi, Mzee Maganga."

Alikuja mwenyewe kwa treni. Aliingia kiwandani ameshika kadi kwa vidole viwili kama mtu aliyebeba panya.

"Nani kaiandika hii?"

Nikanyanyua mkono.

"Binti, nitazame vizuri. Mimi na ndevu hizi, ni dada wa nani?"

Kiwanda kizima kilicheka, naye mwishowe akacheka. Mzee Mihayo hakucheka. Alizichapa kadi upya mwenyewe, akampa mzee wa watu, akamsindikiza hadi mlangoni. Kisha akaja mezani kwangu. "Nyamizi," akasema, maana hilo ndilo jina langu, "kosa likionekana hapa mezani ni lako. Likionekana Igalula ni la kiwanda kizima. Tafuta namna ya kufanya kazi itakayokuonyesha kosa ukiwa bado mezani."

Toka siku ile sikuwahi tena kuipeleka kazi kwenye mashine kubwa kabla ya kuchapa karatasi moja ya majaribio na kuisoma kutoka mwisho kwenda mwanzo. Wanangu, mkitaka kipimo cha kihariri, anzeni na maneno ya Mzee Mihayo. Kinakuonyesha kosa lako ukiwa bado mezani? Au kinakaa kimya mpaka mtu wa Igalula apande treni?

Mac ililetwa kiwandani kwa ajili ya kupangia kurasa, kwa kuwa programu nzuri ya kazi hiyo wakati ule ilikaa humo. Herufi za risasi zikafungiwa stoo. Mafundi wengine waliiogopa ile mashine, mimi nikaikalia. Miaka ikapita, wateja wakaanza kuuliza kama tunaweza kuwatengenezea na tovuti, kiwanda kikabadilika kikawa ofisi, nasi tukahamia chumba kimoja kwenye njia ya kwenda Kwihara. Ndivyo nilivyofika kwenye kazi hii. Sikusomea. Nilikuwa tayari nimekaa kwenye kiti.

Kosa langu la kwanza la kihariri lilitokana na uvivu. Mac inakuja na programu yake ya kuandikia maandishi, iko pale pale, haidai kupakuliwa. Nikaandikia humo ukurasa wa kwanza wa kikundi cha wafuga nyuki wa Urambo. Sikujua kwamba programu ile, usipoiambia vingine, huhifadhi maandishi pamoja na mapambo yake: ukubwa wa herufi, rangi, na mengine ambayo huyaoni. Nikaupandisha ukurasa mtandaoni, nikampigia mwenyekiti wao, mama mmoja mchangamfu, afungue.

Akafungua. Kisha akauliza, "Mama Shija, hii ni lugha gani? Maana Kinyamwezi cha kwetu nakijua, na hiki sicho."

Alikuwa anautazama msimbo mtupu, mabano na mikwaju, umejaa skrini ya simu yake kama mchwa. Kwa hiyo nawaambia: msimbo huandikwa kwa maandishi matupu. Programu ya kuandikia barua ni ya barua.

Kosa la pili lilikuwa kinyume cha lile. Baada ya aibu ya Urambo nikasema sasa nachukua kubwa kuliko zote. Nikaweka programu iliyokuwa na kila kitu: inaandika, inachora ukurasa, inakukamilishia sentensi. Mac yangu ilikuwa na kumbukumbu ndogo. Nikiiwasha asubuhi, naweza kwenda kusalimia ofisi tatu za jirani, nirudi bado inajivuta. Feni yake ilinguruma mpaka wateja wakauliza kama tuna mashine ya kukoboa nyuma. Mimi ni Mnyamwezi, na wazee wetu waliopita njia hii na misafara, mizigo begani, hawakufundishwa na mtu kubeba. Lakini hakuna mpagazi aliyeinua mzigo kabla hajaupima uzito. Mimi niliinua kwanza. Nilivumilia miezi minane kwa ukaidi tu, sipendi kusema nimekosea.

Mara ya tatu nikafanya ambavyo ningepaswa kufanya toka mwanzo. Nikachukua vihariri vitatu, nikafanya kazi halisi ya mteja wiki nzima katika kila kimoja. Si kufungua na kushangaa rangi; kazi. Nikatazama kinafunguka kwa muda gani mashine ikiwa imechoka. Nikazima intaneti kuona kama bado kinakubali kazi, maana bando huisha. Nikatafuta neno moja katika mafaili yote ya tovuti kwa mkupuo. Nikachagua kile chepesi kuliko vyote, chenye skrini nyeusi na herufi za manjano, na nikakaa nacho miaka kumi na moja. Vidole vyangu vilikijua kama vinavyojua vifungo vya blauzi. Kama macho yangu yasingeharibika, pengine hadi leo ningekuwa nacho.

Yalianza kwa kugonga milango. Nilikuwa napita mlango niliopita miaka yote, bega linagonga fremu. Halafu upande wa kushoto wa skrini ukawa unapotea. Nilikuwa naandika mstari nusu, nusu nyingine siioni mpaka nigeuze kichwa kama kuku anayetazama punje. Nilinyamaza kwa miezi, sikumwambia hata binti yangu Shija. Nilipokwenda hospitali hatimaye, daktari akaniambia ni presha ya macho, na kwamba matone yatazuia yaliyobaki yasiende haraka, lakini yaliyokwenda hayarudi.

"Na yaliyobaki yatakaa muda gani?" nikauliza.

"Mama, hilo siwezi kukuahidi."

Nilimshukuru kwa kutonidanganya. Nikaenda moja kwa moja ofisini, nikaongeza ukubwa wa herufi mpaka skrini ikawa inachukua maneno manne tu. Nilifanya kazi hivyo kwa muda. Msimbo ukiuona maneno manne manne ni kama kusoma barua kupitia tundu la kitasa.

Bwana Sizya, mkuu wa ofisi yetu, alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kumi na tano na siku zote alinisalimia kwa heshima. Asubuhi moja alivuta kiti akakaa karibu nami. Nikajua. Mkubwa wako akivuta kiti, kuna jambo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, nimefikiri sana. Wewe ndiye uliyeijenga ofisi hii. Sitaki uumie. Pale mapokezi panahitaji mtu mzima, anayejua wateja. Ungekaa pale kwa raha mpaka muda wako wa kustaafu ufike."

"Muda wangu wa kustaafu uko miaka minne mbele, Sizya."

"Ndiyo mama. Kwa raha."

Sikukasirika. Alisema kwa upendo, na ndiyo sababu iliniuma. Nikamwuliza, "Kazi yangu ya mwezi huu ina kosa?"

"Haina. Lakini umechukua muda mara tatu ya zamani, na tunaona unavyoteseka."

"Nipe wiki sita," nikasema. "Baada ya wiki sita, kama sijarudi kwenye mwendo wangu, utanikuta mapokezi na kitenge kipya."

Alikubali. Nadhani alikubali kwa sababu alishindwa kukataa.

Ofisini kulikuwa na Doto, binti wa Goweko aliyesomea Dar es Salaam, umri wake miaka ishirini na sita, hodari kunizidi na anajua kwamba ananizidi. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba ndani ya kila Mac kuna sauti inayosoma yaliyoko kwenye skrini. Unabonyeza Command na F5, inaamka. Miaka yote ile ilikuwa imekaa humo ndani kimya, nami sikujua.

Niliiwasha, nikafungua kihariri changu cha miaka kumi na moja, nikasubiri inisomee. Sauti ikasema, "Dirisha." Ikanyamaza. Nikashuka mstari. Kimya. Nikapanda. Kimya. Nikaandika neno zima. Kimya.

"Hiki hakiongei nayo, mama," Doto akasema. "Hakikutengenezwa hivyo. Ni cha kizamani kinoma."

"Labda kuna mahali pa kuwasha."

Tulitafuta hadi saa sita mchana. Hapakuwa na mahali. Siku ile nilijifunza kitu ambacho hakikuwa kwenye vipimo vyangu vyote vya zile wiki tatu: sikuwahi kujiuliza kama kihariri kitanifaa mwili wangu ukibadilika. Nani hujiuliza hivyo akiwa na miaka arobaini?

Nilikiburuta kwenye pipa la taka kesho yake. Doto akaniambia nikiache tu, hakili kitu. Nikamwambia kikibaki nitakirudia. Mtu akiacha sigara haweki pakiti kabatini.

Wiki ya kwanza nilijaribu kile kihariri cha zamani kabisa kinachokaa ndani ya dirisha jeusi la amri, kisicho na kitufe hata kimoja. Nilisikia wasioona wengine wanakitumia vizuri. Mimi niliingia, nikaandika mistari miwili, nikashindwa kutoka. Nilibonyeza kila kitu kilichobonyezeka. Mwisho nikaizima Mac kwa kidole, kama mtu anayempiga mlevi kofi. Siku tatu nilipambana nacho. Hakikuwa kibaya, ila mimi nilikuwa na wiki tano zilizobaki, na chenyewe kilitaka mwaka.

Wiki ya pili Doto akaniwekea kihariri chake. Aliniwekea kama alivyokuwa nacho yeye, na viongezo vyake vyote arobaini: vya kupaka rangi, vya kukamilisha maneno, vya kukisia unachotaka kusema. Nikaandika herufi moja, d. Sauti ikaanza kunisomea mapendekezo, moja baada ya jingine, haipumui. Nikaandika ya pili, ikaanza upya. Juu yake sauti yenyewe ilikuwa ya Kizungu, inasoma Kiswahili kama padri mgeni wiki yake ya kwanza. Urambo ilikuwa Yurambo. Neno ng'ombe ililisoma vipande vipande, nikafikiri mashine imekwama.

Nikavua vipokea sauti, nikavitupa mezani. "Kirudishe huko kilikotoka."

"Mama, wiki moja tu."

"Kinaongea kuliko Mama Ashura!"

Doto akaviokota, akasikiliza. Halafu akasema, polepole, "Pengine si chenyewe kinachoongea. Pengine ni viongezo vyangu."

Tukaviondoa vyote arobaini. Tukakianzisha upya kikiwa kitupu. Nikarudisha kimoja baada ya kingine, na kila nilichorudisha nilikaa nacho siku nzima. Mwisho wa wiki ya tatu nilikuwa na viongezo vinne tu. Kihariri kile kile nilichotaka kukitupa kilikuwa sasa kinanisomea mstari, kinaniambia niko namba ngapi, na nikipita kwenye mstari wenye kosa kinapiga mlio mdogo sikioni. Nilipousikia mlio ule mara ya kwanza nilicheka peke yangu hadi Sizya akachungulia mlangoni.

Hapo kuna somo, na naomba mlisikie vizuri kwa sababu wengi wenu mnakataa programu mliyoikuta kwenye mashine ya rafiki. Kabla hujasema kihariri ni kizito, kishushe mzigo aliokibebesha mwenzako. Na wewe ukiweka kiongezo, uweze kusema kwa sentensi moja kinakufanyia nini. Huwezi? Ondoa.

Wiki ya nne na ya tano zilikuwa za kufundisha vidole upya. Nilijiwekea amri: njia za mkato tatu kwa siku, na kipanya nimekigeuza tumbo juu ili nisiguse. Nilikuwa naamka, nasali, nanywa uji, nashuka ofisini kabla ya wenzangu, nafanya zoezi la jana mara ishirini. Mwendo ulianza kurudi. Haukurudi wote.

Jumatatu ya wiki ya sita, chuo kimoja cha uuguzi tulichokitengenezea tovuti kilikuwa kinatangaza vituo vya usaili. Kwenye ukurasa kulikuwa na kitufe, "Tazama vituo." Ukikibonyeza, orodha inafunguka: mwombaji wa wilaya fulani aende kituo fulani, saa fulani. Usaili ulikuwa kesho yake asubuhi. Saa mbili na nusu simu ikalia, Doto akaiweka kwa sauti kubwa.

"Haloo? Ndiyo nyinyi mliotengeneza hii kitu ya chuo?" Ilikuwa sauti ya baba mtu mzima, nyuma yake makelele ya stendi. "Niko Nzega na binti yangu. Tunabonyeza, haifunguki. Mwaka jana walifanyia Tabora mjini. Basi linaondoka sasa hivi. Tupande au tusipande?"

Doto akabonyeza kwenye simu yake. Haikufunguka. Akabonyeza kwenye Mac. Haikufunguka. Akamsomea baba yule kutoka kwenye faili: kituo chao kilikuwa palepale Nzega.

"Wabeja sana mwanangu!" baba akashukuru. Tukamsikia anapaza sauti, "Shusha begi! Shusha hilo begi!"

Simu ikakatika. Tukabaki tunatazamana, au tuseme Doto na Sizya walitazamana nami nikasikia viti vyao vikilia. Huyu mmoja alikuwa amepata namba yetu. Wa Igunga, wa Urambo, wa Sikonge, walikuwa na namba ya nani?

"Rudisha ukurasa wa juzi," Sizya akasema.

"Wa juzi hauna kituo cha Igunga," Doto akajibu. "Na cha Nzega ulikuwa umekiandika shule nyingine. Watakwenda pasipo."

"Basi tafuta kosa!"

Doto alitafuta. Namheshimu mtoto yule, hakuna anayetafuta vizuri kama yeye. Kila sehemu ya ukurasa hupewa jina, na jina hufungwa ndani ya alama mbili za kunukuu. Kitufe kikibonyezwa kinaitafuta sehemu yenye jina lile na kuifungua. Sehemu yetu iliitwa vituo. Doto alikuwa anapiga meza kwa kalamu. "Kitufe kinatafuta vituo. Sehemu inaitwa vituo. V, i, t, u, o. Ni ile ile! Kinasema hakuna kitu kama hicho, na ninakiona hapa!" Sizya akainama naye, akasoma, naye akaiona ile ile. Simu ya pili ikalia. Ya tatu.

Nilivaa vipokea sauti, nikafungua faili lile lile kwenye mashine yangu. Nikaiambia sauti isome kila alama, isiruke kitu, na nikaanza kushuka mstari kwa mstari. Sizya alisema jambo kuhusu muda, sikulisikia vizuri. Mstari wa kumi, wa thelathini, wa hamsini. Kila ilipofika kwenye alama ya kunukuu, sauti iliitaja kwa neno moja fupi, tuk, kama kijiko mezani. Nilipofika mstari wa themanini na tatu haikusema neno fupi. Ilisema maneno marefu ya Kizungu: alama ya kunukuu ya mkunjo, ya upande wa kulia. Halafu vituo. Halafu tena yale maneno marefu.

Nikarudi juu. Nikashuka tena ili niwe na hakika.

"Doto. Mstari wa themanini na tatu. Alama za kunukuu si zetu."

"Ziko sawa mama, naziona."

"Unaziona. Mimi nazisikia. Zimepinda. Ni za barua, si za msimbo. Zifute uandike upya kwa kibodi."

Akageukia mashine yake, akasogeza uso mpaka karibu na kioo. Nikasikia pumzi inamtoka. Akafuta, akaandika mbili mpya, akahifadhi, akapandisha. Sizya akabonyeza kitufe kwenye simu yake.

"Imefunguka," akasema.

Doto hakufurahi. Alikaa. "Ni mimi," akasema. "Jana chuo walinitumia kituo cha Igunga nikiwa kwenye treni natoka Goweko. Niliiandika sehemu ile kwenye simu, asubuhi nikaja nikaibandika. Simu ndiyo inayozipinda. Ninalijua jambo hilo, mama. Ninalijua kabisa."

Nikamwambia kwamba mimi niliwahi kumfanya mzee mwenye ndevu awe dada wa mwanawe. Hakuelewa, nikamhadithia baadaye. Wakati ule tulikuwa na simu za kujibu. Tulikaa wote watatu, Sizya naye, tukimpigia kila aliyekuwa ametupigia, mpaka saa saba. Hakuna aliyetuambia amepotea. Kama yupo ambaye hakupiga na alipanda basi lisilo lake, sijui, na hadi leo nikikumbuka hilo linanikera.

Ijumaa ile wiki sita zilitimia. Sizya alipita mezani kwangu akiwa amesimama, hakuvuta kiti. "Mama, pale mapokezi nimepata kijana wa Ipuli. Anaanza Jumatatu." Basi. Hakusema lingine, nami sikutaka lingine.

Nilifanya kazi miaka yangu minne yote, na baada ya kustaafu bado natengeneza tovuti hapa nyumbani. Sikurudi kwenye mwendo wa zamani, nisiwadanganye. Lakini kurasa zangu zilikuwa na makosa machache kuliko nilipokuwa naona, maana jicho huruka linachokizoea, na ile sauti ya padri mgeni haikuruka kitu. Doto naye sasa husikiliza ukurasa wake mara moja kabla ya kuupandisha, macho yake mazima hayo. Nilimwagiza, na nyinyi nawaagiza: siku moja katika mwezi, funika skrini kwa kitambaa, ufanye kazi saa moja kwa masikio na vidole tu. Utakijua kihariri chako, na utajua pia ni nani asiyeweza kuutumia ukurasa wako.

Mwezi uliopita Shija alinipeleka kliniki ya macho. Daktari alikuwa mpya, kijana, mpole. Akaniuliza naona vidole vingapi. Nikamwambia sioni kidole, naona kwamba dirisha liko upande ule. Akauliza umri, nikataja. Akauliza kazi.

"Natengeneza tovuti."

Kisha nikasikia kalamu yake inakwenda, mkwaruzo mfupi sana, mfupi kuliko maneno niliyomwambia. Akanirudishia kadi yangu ya kliniki.

"Ameandika nini?" nikamwuliza Shija.

Shija akanishika mkono. "Mama, twende."

"Soma."

"Kazi: hana."

Nikanyoosha mkono juu ya meza, nikapapasa mpaka nikafikia vidole vya daktari, nikamwekea kadi mkononi.

"Futa, mwanangu," nikamwambia. "Sina haraka."